Samaki wa Ikola na kioo changu cha sentimita 90

Najua nimepotea sana, na nasikia wengine mmeanza kuulizana kama jamaa kadisko. Sijadisko jamani! Nilikuwa nyumbani Mpanda kwenye mazoezi ya kufundisha, wiki 8 za chaki na vumbi, na huko usiku nikishamaliza kuandika andalio la somo hata nguvu ya kushika simu sina. Sasa nimerudi Dodoma, bumu halijatoka, kwa hiyo muda wa kuandika upo wa kumwaga.

Jana usiku rumumeti wangu mmoja, kijana wa Pemba, kachukua simu yangu aangalie saa, akakuta picha ya samaki. Akasema, "Wenzako wanaweka mchumba, wewe umeweka kitoweo?" Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, lakini moyoni haikuwa kicheko. Huyo samaki kwenye picha ndiye aliyebaki kati ya wanane. Wale saba nimewaua mimi, tena mimi huyu huyu ninayesomea kufundisha Baiolojia. Leo naitoa stori yote.

Kwanza niwaweke sawa wale mnaodhani Mpanda ni mwisho wa reli basi. Ni kweli, ile reli ya kutoka Tabora kupitia Kaliua inaishia kwetu. Mkoa wetu wa Katavi ni mchanga, ulianza mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa, na wengi mkisikia Katavi mnakumbuka viboko wa hifadhi ya taifa. Wachache sana wanajua kwamba mkoa huo huo una pwani. Pwani ya Ziwa Tanganyika! Ukitoka Mpanda mjini ukaelekea magharibi zaidi ya kilomita 100, unatokea Karema na Ikola, na mbele yako kuna maji ambayo kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ziwa linalolizidi kina ni Baikal la Urusi peke yake.

Sasa stori inaanza hivi. Nilipangiwa Kidato cha Pili, watoto 74 darasa moja, mada ya upumuaji wa viumbe. Unafika kwenye matamvua ya samaki, unachora ubaoni, watoto wananakili, kengele inagonga. Sikuridhika. Chuoni tunaimbiwa zana halisi kila siku, mpaka wengine tunaota zana halisi! Nikasema mimi nitawaletea samaki hai, wamwone anavyofungua mdomo na kifuniko cha matamvua kinavyocheza. Nikaenda kwa fundi vioo mmoja hapo mjini, yule wa madirisha ya aluminiamu, akaniunganishia tangi kwa silikoni: urefu sentimita 90, upana 40, kimo 40. Ukipiga hesabu ni lita 144. Pampu ndogo ya hewa niliagiza Dar, ikaja na basi. Bumu lililobaki likaisha hapo, nikawa nakula kwa mama kama mtoto wa chekechea.

Mjomba wangu ni mvuvi Ikola. Ijumaa jioni nikadandia gari, Jumamosi asubuhi nipo mwaloni. Nilitaka perege wadogo tu, nimalize kazi. Lakini mjomba akanipeleka pembeni, kule kwenye mawe, akaniambia chungulia. Wadau, maji ya Tanganyika yakitulia unaona mpaka chini kama unatazama kwenye gilasi. Na pale kwenye mawe kulikuwa na samaki weusi, wafupi, wa kimo cha kiganja hivi, na kila mmoja kajifunga mkanda wa njano mpana katikati ya mwili. Kama kanga mpya! Wapo wengi, kila mmoja anakwangua ukoga kwenye jiwe lake, na akisogea mwenzake anafukuzwa mbio.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba samaki hawa ni maarufu kuliko mimi na nyie. Jamii yao inaitwa Tropheus, na ni ndugu wa sato na perege. Wa kwanza kuandikwa na wanasayansi aliandikwa mwaka 1898. Biashara ya kuwapeleka samaki wa Tanganyika kwenye vioo vya watu ilishika kasi kuanzia miaka ya 1970, wakati Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa akiwasafirisha kutoka Bujumbura. Huyu wetu mwenye mkanda wa njano huko Ulaya wanamwita kwa jina la kijiji: Ikola. Jina lake lingine la dukani ni Kaiser, yaani mfalme mkuu kwa Kijerumani. Fikirieni, kuna mtu Ujerumani anatamka "Ikola" kila siku akilisha samaki wake, halafu kuna mtu wa Mpanda hapo stendi hajui Ikola ina nini zaidi ya dagaa na migebuka.

Na jina la kijiji halikuwekwa kwa mapambo. Samaki huyu havuki mchanga. Anaishi kwenye mawe, chakula chake ni ukoga wa mawe, na mawe yakiisha ukaanza mchanga au tope, kwake ndio mwisho wa dunia. Ndio maana ukizunguka ziwa unakuta kila kipande cha mawe kina rangi yake: hapa mkanda wa njano, kule wekundu, kwingine weusi mtupu. Rangi zinazojulikana zimepita 100. Mkanda mpana namna ile wa Ikola ni wa mawe ya Ikola.

Nikamwambia mjomba nataka hao. Mjomba akaguna. Zamani aliwahi kubeba mapipa ya watu waliokuja kupiga mbizi kuchukua samaki wa mapambo, kwa hiyo anawafahamu.

"Mjomba, hao ni wakorofi," akaniambia. "Ukichukua, chukua kundi zima na uwe na chombo kikubwa. Au usichukue kabisa."

"Kundi la nini mjomba, si wakiwa wengi ndio watapigana zaidi?"

Akanitazama tu. "Wewe ndiye msomi," akasema.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikachukua sita. Tulipita kwa watu wa BMU pale mwaloni wakatuelewa, ni zana ya shule, basi. Nikabeba na madumu matatu ya maji ya ziwa, maana maji ya Tanganyika ni ya kialkali, pH inakaribia 9, sikutaka wapate mshtuko. Nilijiona mtaalamu kweli kweli.

Jumatatu darasa lilikuwa sherehe. Watoto wa madarasa mengine walikuwa wanachungulia dirishani. Niliwafundisha matamvua kwa dakika 40 na hakuna aliyesinzia, hata wale wa nyuma. Nikasema kumbe kazi yenyewe rahisi!

Jumanne wakubwa kwa wadogo wakawa wameshajua nani ni nani. Samaki mmoja mkubwa, watoto wakampa jina la Bosi, alikuwa amechukua jiwe la katikati. Kwa tangi langu, jiwe la katikati maana yake ni tangi zima. Akimwona mwenzake upande wa kushoto, anamfuata. Akimaliza anageuka kulia. Wale watano walijibanza kwenye kona ya pampu, juu juu karibu na uso wa maji. Mdogo wao mapezi yalikuwa yameanza kuchanika kama bendera ya zamani.

Watoto walifurahi mno. Nasikia kuna waliokuwa wanawekeana dau la karanga, nani atapigwa kabla ya kengele. Na mimi, lazima niseme ukweli, nilifurahi pia. Nilisimama pale nikaelezea "tabia ya kumiliki eneo" kwa sauti ya kimwalimu kabisa, huku mdogo yule anapigwa mbele ya macho yetu. Alhamisi asubuhi nikamkuta anaelea. Jumamosi akaelea wa pili.

Nikafanya kile ambacho mtu yeyote asiyejua angefanya: nikaongeza wengine. Nilimpigia dereva, mjomba akanitumia wawili ndani ya ndoo. Nilifikiri wageni watampoza Bosi. Kha! Siku mbili tu wote chali. Mgeni kwa samaki hawa ni mwizi aliyeingia nyumbani. Baadaye nikasoma kwamba hata wafugaji wazoefu wakilazimika kuingiza mgeni, kwanza wanavuruga mawe yote na kuyapanga upya, ili kila mmoja aanze moja na pasiwe na mwenye nyumba. Mimi niliwamwaga tu kama unavyomwaga maji.

Na bado nilikuwa na kosa jingine. Nilikuwa nawalisha vizuri, vizuri ninavyojua mimi: unga wa dagaa na kiini cha yai la kuchemsha. Protini! Samaki anayekula ukoga maisha yake yote ana utumbo mrefu wa kusaga majani, yaani ni kama mbuzi wa majini. Mpe dagaa na yai kila siku uone. Wawili wakavimba matumbo, wakaacha kula, wakafa. Hao hata Bosi hakuwagusa. Wafugaji wanaujua huo ugonjwa kuliko chochote, na wanawalisha vyakula vya mwani na mboga. Mimi mchicha ulikuwa umejaa bustanini kwa mama.

Wakabaki wawili, Bosi na mwenzake mmoja aliyekuwa anaishi nyuma ya pampu kama mkimbizi.

Hapo ikaja siku ambayo siisahau. Nina binti mmoja darasani, anakaa mbele kabisa na haongei. Sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono hata mara moja kabla ya siku hiyo. Wenzake wanacheka Bosi anavyomkimbiza yule mkimbizi, yeye akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwao ziwani akishindwa anakimbilia wapi?"

Darasa likanyamaza. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilikuwa nimefundisha wiki mbili kuhusu samaki huyu na sikuwa na jibu. Nikamwambia nitamletea jibu kesho, ule ujanja wetu walimu mnaujua.

Jioni nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hawajambo samaki wako?"

Nikamsimulia vyote. Hakunigombeza. Nikamuuliza lile swali la binti.

"Anakimbia mpaka jiwe la pili," akasema. "Hatua mbili tatu tu. Yule mwenye jiwe anarudi kwake, anaendelea kula. Hana shida naye tena. Kwani wewe kwako umemwekea jiwe la pili?"

Wadau, nilikaa kitandani muda mrefu. Maana siku zote nilikuwa nasema samaki huyu ni mkorofi, kana kwamba ukorofi umo ndani yake kama mkanda wa njano. Kumbe ziwani ukorofi wake unatosha kumfukuza mwenzake hatua tatu, na hapo ugomvi umekwisha. Anachogombea ni chakula chake: jiwe ndilo shamba lake, na ukoga ukiliwa na mwingine yeye analala njaa. Aliyeshindwa anaondoka akiwa hai. Kwenye kioo changu hakuna pa kuondokea. Bosi anafukuza, mwenzake anagonga ukuta, Bosi anamwona bado yupo, anafukuza tena. Kutwa, kucha. Ukuta niliuweka mimi.

Nikaelewa na maneno ya mjomba kuhusu kundi. Wafugaji wa Ulaya wanawaweka 15, 20 au zaidi kwenye tangi la lita 300 na kuendelea. Ukiwa na sita, Bosi anamjua mnyonge wake na anamsubiri. Wakiwa 20, kabla hajamaliza kumfukuza huyu, yule kapita mbele yake, anachanganyikiwa, kipigo kinagawanyika na hakuna anayekufa nacho. Nilidhani wachache ndio amani. Mvuvi wa darasa la saba aliniambia kinyume chake, nikamwona hajui.

Usiku ule ule nikachukua tochi, nikaenda kuokota mawe nje ya nyumba za walimu, nikayasugua kwa maji tu bila sabuni, nikapanga ukuta katikati ya tangi kutoka chini mpaka juu, ili wasionane. Nilichelewa. Asubuhi yule mkimbizi alikuwa amelala chini, bado anahema kidogo. Saa nne akaacha.

Na ndio siku aliyokuja mhadhiri kunikagua! Tangi kubwa, mawe kama boma, samaki mmoja. Nilikuwa na andalio zuri la matamvua mkononi. Nikaliweka mezani. Nikamwita yule binti arudie swali lake kwa sauti, halafu nikawaambia watoto ukweli wote: sita wa kwanza, wawili wa ndoo, yai, dagaa, jiwe la pili. Nikawaambia na hili, kwamba jike wa samaki huyu hutaga mayai machache, mara nyingi hayafiki 20, anayatunza mdomoni karibu mwezi mzima, tena anaendelea kukwangua ukoga ili watoto walishwe mle mle mdomoni. Kwa hiyo saba niliowaua si kama dagaa saba. Darasa lilikuwa kimya. Hakuna aliyecheka.

Mhadhiri akaandika kwenye fomu: zana nzuri, maandalizi hayakutosha. Sina ubishi.

Kuna jambo moja dogo nataka mlijue wale mnaokwenda kufundisha mwakani. Nilikuwa na vijana wawili wanapigana kila wiki. Mimi kwa hekima yangu nikawaweke dawati moja, "ili wazoeane". Wakazidi. Siku ile baada ya kipindi nikamhamisha mmoja upande wa dirishani, safu nyingine kabisa. Sisemi walikuwa marafiki, ila mpaka naondoka sikusikia tena ngumi. Watoto si samaki, najua. Lakini ukuta niliowawekea niliuona.

Nilipowasimulia haya hapa chumbani jana, yule wa Pemba akaacha kucheka. Akasema kwao baharini yupo kikande, yule mkubwa wa kwenye matumbawe. Akiwa na mayai kwenye shimo lake la mchanga anakufuata na meno, mzamiaji hata awe nani anakimbia. Wazamiaji wanafundishana wasikimbilie juu, maana eneo analolinda limepanuka kuelekea juu kama faneli, wakimbie pembeni. Ukitoka kwenye eneo lake, kamaliza na wewe. Na ndugu zake kikande huyo, watu wanaofuga samaki wa bahari kwenye vioo mara nyingi inabidi mmoja awekwe peke yake, la sivyo anamaliza wenzake. Bahari au ziwa, hadithi ile ile: tunamnyima mpaka, halafu tunamwita katili.

Mnaniuliza Bosi yuko wapi. Yuko nyumbani kwa mama, mdogo wangu wa kike anamtunza, anampa mchicha uliochemshwa kidogo. Nilitaka kumrudisha Ikola, lakini niliposoma nikakuta samaki aliyekaa kwenye tangi hashauriwi kurudishwa ziwani, anaweza kupeleka ugonjwa kwa wenzake. Na wenzake hao hawana kwingine kwa kwenda. Huko juu milimani miti ikikatwa, mvua inashusha tope mpaka ziwani, tope linafunika mawe, na kwa samaki anayekula mawe hiyo ni njaa. Sikutaka niongeze na langu.

Kwa hiyo Bosi atakaa pale mpaka mwisho wake. Juzi mdogo wangu kanipigia, anasema kaka, samaki wako siku hizi jioni taa ikiwashwa anapigana na kivuli chake kwenye kioo. Nikamwambia abandike karatasi nyeusi upande wa nyuma na wa pembeni. Kabandika. Anasema katulia, ila anasogea mara kwa mara pale kwenye uwazi uliobaki mbele, anasimama tu, anatazama nje.

Ndiye huyo kwenye simu yangu. Picha siifuti.

Haya wadau, kesho saa moja asubuhi nina lekcha na sijagusa hata desa moja. Mwenye safari ya Katavi aniambie, nitampa namna ya kufika Ikola. Nenda pale kwenye mawe asubuhi kabla upepo haujaanza, chungulia mpaka uchoke. Ndoo iache nyumbani.